Picha ya Ngamia Isiyo na Miguu

Wengi wenu mmeniuliza kwa nini niliifuta ile picha ya ngamia kwenye ukurasa wangu, na nyinyi mlikuwa bado mnaisifu. Warda ameuliza mara nne. Nimejaribu kujibu kwa mdomo, lakini naanzia katikati, narudi nyuma, kisha najitetea kwa makosa ambayo hakuna aliyenishtaki. Mnanijua. Kwa hiyo nimeona niandike, kituo kwa kituo. Atakayechoka aruke mpaka Mandera.

Garissa

Mwaka ule nilipomaliza chuo nilituma barua za kazi nyingi, na nikiwa nasubiri majibu nilikuwa nakaa kwenye benchi nje ya kibanda cha mzee mmoja anayepiga picha za pasipoti karibu na soko. Hakunifundisha chochote. Aliniacha tu nitazame. Nilipenda jinsi alivyomsubiri mtu apumue kabla ya kubonyeza. Yaliyobaki nilijifunza kwa simu, kwa video za watu wa mbali, na nilipopata kamera yangu ya mitumba yenye lenzi moja niligundua kwamba lenzi ile inaweza kuitoa sura ya mtu safi kabisa na kuyageuza yote yaliyo nyuma yake kuwa ukungu laini. Nikaona nimefika. Mbuzi wa sokoni, wapagazi, dada yangu akisuka nywele: wote sura, wote ukungu. Mlipenda, nami nikapenda kupendwa.

Hooyo, yaani mama yangu, hakupinga. Alikuwa akisema "Nzuri, mashallah" kabla hajavaa miwani.

Ndiyo maana nilishtuka aliponiita jikoni akaniambia nina kazi. Ayeeyo, nyanya yangu aliyemzaa Hooyo, anakaa Mandera kwa habaryar Safiya, mdogo wake Hooyo. Alianguka mwaka juzi na magoti yake hayakumrudia sawasawa. Maisha yake yote alikuwa mtu wa ngamia huko Wajir, na hata baada ya kuhamishiwa mjini alibakiza mmoja aliye wake mwenyewe, jike anayeitwa Hareed, maana yake maji safi ya mvua. Hareed alizaliwa mikononi mwake. Anachungwa na Abti Bishaar, kaka yake Hooyo.

"Ayeeyo anasema maneno ya simu yamemchosha," Hooyo akasema. "Anataka picha ya Hareed. Anataka uilete wewe, kwa mkono."

"Amenitaja mimi?"

"Amesema yule msichana wa picha."

Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza mtu wa damu yangu kuniomba picha. Nililala nikiwaza: nikikosea mwanga je? Nikifika, ngamia akanitemea kwenye lenzi je? Nikampiga ngamia ambaye siye je? Hilo la mwisho nililicheka mwenyewe.

Garissa hadi Wajir

Basi liliondoka asubuhi na likaenda vizuri mpaka tulipopita Modogashe. Hapo ukasikika mlio, kisha vumbi, kisha sauti ya utingo, ambaye p yake ni b kama ya wengi wetu: "Shukeni nyote, tairi imebasuka."

Tairi la akiba lilikuwepo, ila jeki ilikuwa kwenye basi lingine. Tulikaa chini ya kivuli cha basi lenyewe, na kivuli kilipozunguka nasi tukazunguka nacho. Mama mmoja alitugawia chai ya maziwa ya ngamia kutoka kwenye chupa yake, akinikemea kwa kunywa kidogo. Pembeni yangu alikaa mzee mwenye ndevu za hina, aliyekuwa akiuangalia mfuko wangu niliokuwa nimeukumbatia kama mtoto.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, adeer," nikamwita kwa heshima, kama baba mdogo. "Ninapiga picha."

"Ah. Arusi ya nani?"

"Hakuna arusi, adeer."

Uso ukambadilika, akasogea karibu. "Basi nani mgonjwa?"

Alikuwa na haki. Kwetu mtu huletewa kamera akioa, akitafuta pasipoti, au akiwa kitandani watu wanamchangia matibabu. Nikamwambia ninakwenda kupiga picha ya ngamia.

"Subhanallah," akasema kwa huruma ya kweli. "Ngamia ndiye mgonjwa?"

Nilimweleza yote, mpaka habari ya magoti ya Ayeeyo. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akawaeleza wenzake kwa sauti kubwa kwamba huyu msichana anampelekea bibi yake habari ya ngamia, na kwamba vijana wote hawajapotea. Jeki ilipofika ilikuwa alasiri. Mzee alinipisha nipande kwanza, nami nikaona aibu ya kusifiwa kwa kazi ambayo sijaifanya.

Visimani

Abti Bishaar alinipokea stendi ya Wajir kwa furaha kubwa. "Abti, umekonda!" akasema. Kwetu mkubwa humwita mdogo kwa jina lile lile analoitwa yeye, kwa hiyo ninamwita abti naye ananiita abti. Kwake nililishwa anjera, chapati zetu za maji, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokaangwa ikahifadhiwa kwenye samli, mpaka nikashindwa kuinama. Lakini kila nilipotaja Hareed, kulikuwa na sababu. Leo kundi liko mbali. Kesho gari halina mafuta. Keshokutwa ni Ijumaa.

Siku ya nne tulipanda pikapu yake tukaenda visimani. Kabla hatujasimama vizuri nikaielekeza kamera kwenye dirisha la upande wa Abti nikapiga moja ya kupima mwanga: ngamia mzima kwa ubavu, akitembea, vumbi, nusu ya kichwa cha Abti. Picha mbaya. Nikashuka.

Wanaume walikuwa wanavuta maji wakiimba, ndoo zikipokezana kutoka chini mpaka juu, na ngamia walikuja kunywa kwa zamu kama watu walioitwa kwa majina. Abti akanielekeza kwa fimbo. "Yule pale. Hareed."

Alikuwa yule yule niliyempiga dirishani, naye alikuwa mzuri. Kope ndefu, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nilimngoja amalize kunywa, na alipoinua kichwa matone yakining'inia mdomoni, nikambana kwa lenzi yangu mpaka dunia yote nyuma yake ikawa ukungu. Nilijua nimeipata. Ile ndiyo picha mliyoipenda.

Mke wa mmoja wa wachungaji alipita na kibuyu cha maziwa, akachungulia kwenye kioo cha kamera. "Mashallah," akasema. "Ana macho ya mama yake, maskini."

"Mama yake nani?"

"Hareed."

Nikamtazama Abti. Abti akatazama kisima.

Hareed alikufa kwenye ukame. Alilala chini akashindwa kuinuka. Walimwinua kwa miti, asubuhi na jioni, wanaume sita, akasimama, akalala tena. Ilitokea wiki ile ile Ayeeyo alipoanguka. Abti alipopiga simu kumpa habari, akasikia kwamba yuko hospitalini, akameza maneno. Mwezi uliofuata ikawa vigumu zaidi. Baada ya mwaka ilikuwa haisemeki kabisa.

"Huyu ni bintiye," Abti akasema. "Mpelekee huyu. Macho ya mama yamekwisha, hatatambua."

"Hooyo anajua?"

"Hooyo wako ndiye aliyenipa shauri."

Nikauliza kwa nini basi hawakupiga wenyewe kwa simu.

Abti hakuwa na ubaya. Alijibu kama anayenisifu. "Abti, sisi tukipiga, kila kitu kinaonekana. Chapa, masikio, miguu. Hooyo wako alisema picha zako zinatoa sura peke yake, vingine vyote vinapotea. Na sura ya ngamia, nani anaiangalia?"

Wajir hadi Mandera

Niliichapisha picha kwenye duka moja la Wajir, kubwa, nikaiweka katikati ya kadibodi mbili. Nikiwa hapo hapo nikaipandisha kwenye ukurasa wangu. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aniambie ni nzuri, na mliniambia, nyote, kabla hata sijapanda gari.

Njia ya El Wak, iendayo Mandera, ni ndefu hata kwa mtu asiye na la kuficha. Kwangu haikuisha. Nilipanga: nikimpa na kunyamaza, je, kunyamaza ni uongo? Nikimwambia ukweli, moyo wake ukashindwa, nitarudi vipi Garissa? Nikimwambia ukweli nusu, nusu ipi? Kisha lile lingine, ambalo naona aibu kuliandika: kwamba familia yangu walikuwa wameitazama kazi yangu kwa makini kuliko mtu yeyote, na walichokiona ni kwamba inafaa kwa kuficha.

Mvua ilikuwa imenyesha mahali tusipoona, na mbele yetu laga, ule mto mkavu unaojaa kwa saa chache, ulikuwa umefurika maji ya kahawia. Magari yakapanga foleni. Mwanamke mmoja mfanyabiashara, mwenye mizigo ya vyombo vya plastiki, akatandika mkeka na kuniita. Tulikula tende na biskuti.

"Unampelekea nini ayeeyo wako?"

"Picha."

"Na nini?"

"Picha tu."

"Wallahi nyinyi mliosoma," akasema, na akafungua mzigo, akatoa bakuli la kijani lenye mfuniko. "Mpe hili. Picha hailiwi."

Nilitaka kumwambia kila kitu. Badala yake nikamuuliza laga huchukua muda gani kupungua. Akasema laga haina saa, ina adabu: ikishiba huondoka. Iliondoka jioni, tukalala kituo cha mbele, na asubuhi tukaendelea.

Mandera

Ayeeyo alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, mgongo ukutani, tasbihi mkononi. Nikambusu kichwani. Hakuniuliza picha. Aliniuliza "Warran?", nipe habari. Mnajua swali hilo linadai nini. Huwezi kujibu "salama" ukaondoka. Mtu aliyetoka njiani anadaiwa njia nzima: mvua imenyesha wapi, malisho ya upande gani, nani ameoa, laga ipi imejaa. Nilijitahidi. Nilimpa tairi na mzee wa hina, naye akacheka mpaka akafuta machozi. "Ngamia ndiye mgonjwa!" akarudia. Nikampa bakuli la kijani, akaligonga kwa kucha, akalikubali. Kwa Wajir nilipita mbio kidogo, nikaona ameona.

"Sasa nionyeshe."

Habaryar Safiya alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akinikazia macho. Naye alijua.

Nikafungua kadibodi. Ayeeyo akaishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu. Abti alidhani macho yake yamekwisha. Kilichokwisha ni magoti.

"Ni picha nzuri," akasema. "Nundu iko wapi?"

"Haikuingia, Ayeeyo."

"Chapa?"

"Iko nyuma, kwenye... imekuwa ukungu."

"Na miguu? Ayeeyo, ngamia ni miguu. Sura zote zinafanana, kama watu waliotoka saluni." Akaiweka picha mapajani. "Huyu ni nani?"

"Wameniambia ni Hareed."

Niliridhika na jibu hilo kwa muda wa pumzi moja. Nililipanga tangu El Wak. Halikuwa uongo.

"Wao wamekuambia," akasema taratibu. "Wewe ulikuwa umesimama pale. Mimi sikuagiza picha kwa Bishaar. Bishaar ana simu. Nilikuagiza wewe kwa sababu nilisikia unaangalia vitu."

Mwiko wa Habaryar haukusogea. Mawazo yangu yote, yale ya njia nzima, yalipanga foleni kama magari kwenye laga, na hakuna hata moja lililopita. Nikachukua kamera. Nikarudisha nyuma picha moja baada ya nyingine mpaka ile mbaya ya dirishani, yenye vumbi na nusu ya kichwa cha Abti, nikaikuza na kumpa.

Aliitazama kuanzia chini. Wayo, goti, paja, chapa, akapanda hivyo hivyo kama anayepapasa. Alipofika sikioni akasimama.

"Sikio hili halijachanwa," akasema. "La Hareed nililichana mwenyewe." Kisha, "Lakini anautupa mguu wa nyuma nje. Hareed alikuwa hivyo." Kisha, bila kuinua kichwa, "Hareed alikufa lini?"

"Kwenye ukame, Ayeeyo. Wiki uliyoanguka."

Akasema "Innaa lillaahi" na akavuta garbasaar yake akajifunika uso. Habaryar akaketi chini pale pale mlangoni na kuanza kulia, na mwiko ukaendelea kudondosha mchuzi sakafuni. Mimi sikujua niweke mikono yangu wapi. Nikaiweka kwenye magoti ya Ayeeyo, yale mabaya. Akaiacha.

Alipofunua uso aliomba simu. Abti alipopokea, hakumgombeza. Alisema tu, "Bishaar. Niambie alivyokufa. Usiruke kitu."

Na Abti, mtu mzima mwenye wajukuu, akaeleza kwa sauti iliyokuwa ikikatika: siku ngapi walimwinua, nani alishika upande gani, walimpa maji ya nini, alilala akielekea wapi. Ayeeyo alikuwa akisema "haye, haye" kila sentensi, kama anayepokea mtu anayeingia na mizigo mizito.

"Mlimwinua vizuri," Ayeeyo akasema. "Ungeniambia, ningekuwa nimewaombea dua wanaume hao miaka miwili. Umewanyima." Abti akawa analia sasa. "Na bintiye? Anaitwa nani?"

"Hana jina, Hooyo. Tunasema tu wa Hareed. Mwenyewe ni wewe. Nani angempa jina?"

Ayeeyo akaiangalia tena picha ile mbaya. "Dhibic," akasema. Tone la mvua.

Nilikaa naye siku sita. Nilimwomba radhi mara nyingi sana, mpaka akaniambia nichague siku moja ya kuomba radhi na siku nyingine zote nimsaidie kuchambua mchele. Jioni alikuwa akitaka nimwonyeshe picha zangu za Garissa, na kwenye kila moja aliuliza ya nyuma: huyu mpagazi amebeba nini, dada yako ameketi juu ya nini, mbuzi huyu amefungwa kwenye nini? Nilikuwa nimesimama mbele ya vitu hivyo vyote, nikavifanya ukungu kwa mkono wangu. Siku ya tatu niliifuta picha ya ngamia. Warda, ndilo jibu lako.

Asubuhi ya kuondoka alinipa maagizo huku akihesabu kwa vidole. "Pitia kwa Bishaar. Nipigie Dhibic tena. Anza na unyayo wake mchangani, kabla upepo haujapita. Halafu chapa. Halafu kiwele. Halafu mpige akienda zake, kwa nyuma. Sura mwisho, ukipata nafasi."

Kurudi, visimani tena

Abti hakuniangalia machoni njia nzima mpaka visimani, wala mimi sikumwangalia. Tulipofika akasema, "Abti, mama amenipigia kila siku tangu ulipoondoka. Anauliza habari za Hareed, za alipokuwa mdogo. Sikujua ana hamu ya kuongea hivyo." Basi. Yakaisha hapo.

Nililala kifudifudi mchangani, baibui langu likiwa limeshabadilika rangi, kamera ikigusa ardhi. Wavutaji maji waliacha kuimba ili wacheke vizuri. "Dada, ngamia iko juu!" mmoja akapaza sauti. "Huko chini ni bunda!" Yaani punda. Niliacha wacheke. Kwa mara ya kwanza nililipunguza tundu la lenzi mpaka kila kitu kikaonekana, punje za mchanga, ukingo wa alama, kijiti kilichokanyagwa. Nyayo za Dhibic zilikwenda kisimani na kurudi, nne nne, na nilizipiga zote kwa sababu sikujua ipi ni muhimu.

Mtandao pale hushika ukisimama juu ya pikapu. Nikapanda, nikatuma kwenye simu ya Habaryar, nikakaa juu ya bati la moto nikingoja. Nilikuwa nimeanza kuwaza kwamba nimekosea mpangilio, nimesahau kiwele, ameudhika, amelala. Kisha ikaja sauti yake, karibu sana, kama ameshika simu mdomoni.

"Ayeeyo, nimeona. Mguu wa nyuma wa kushoto hauweki wote. Anakanyagia ukingo. Mwambie Bishaar aangalie katikati ya wayo, kuna kitu."

Abti alisema hapana, alimtazama jana. Hata hivyo akamlaza Dhibic, akamfunga goti, wanaume wawili wakamshika shingo na kumbembeleza. Akapangusa mchanga wayoni kwa kidole gumba, akabonyeza hapa na pale, akasimama. Akaomba koleo.

Mwiba ulikuwa mrefu kama kidole changu cha mwisho, mweusi, umeingia wote. Dhibic alikoroma mara moja tu. Abti aliusafisha kwenye kikoi chake, akautazama akitikisa kichwa, kisha akauweka kwenye kiganja changu.

"Piga na huu," akasema. "La sivyo hataamini tumeutoa."